Kripu na kusinyaa kwa zege: jinsi ya kuviingiza kwenye hesabu unapojenga Tabora

Kazi yangu ni usanifu wa majengo hapa Tabora mjini: nyumba za ghorofa, maduka yenye makazi juu, mabweni ya shule, matangi ya maji. Michoro ya wahandisi vijana hupita mezani kwangu ili ikaguliwe, na mara nyingi hesabu ya nguvu naikuta safi. Momenti (nguvu za kupinda) zimepita, nguvu za kukata zimepita, nondo zinatosha. Ukurasa ninaoutafuta nikaukosa ni ule unaoonyesha slabu (bamba la zege la sakafu) itakuwa imeshuka kiasi gani baada ya miaka thelathini, ikiwa imejengwa hapahapa, katika hewa hii. Huo ndio ukurasa tutakaouandika leo.

Kripu ni hivi: zege likibebeshwa mzigo linapinda papo hapo, halafu linaendelea kupinda taratibu kwa miaka mingi, ingawa mzigo haujaongezwa hata kilo moja. Kusinyaa ni habari ya maji. Yale yaliyobaki kwenye vitundu vya saruji iliyoganda yanatoka kwenda hewani, saruji inajikunyata, kokoto inaizuia kiasi, na zege zima linapungua urefu hata kama halijabeba chochote. Vyote viwili vinaongezeka hewa ikiwa kavu, zege likiwa jembamba na maji ya mchanganyiko yakiwa mengi. Kripu ina sharti moja zaidi: inategemea zege lilikuwa na umri gani siku lilipobebeshwa mzigo kwa mara ya kwanza.

Anza na hewa

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi, na kufika Agosti na Septemba hewa imekauka kabisa. Kigoma, mwisho wa reli, iko chini zaidi na ziwa liko mlangoni, kwa hiyo hewa yake ina unyevu zaidi. Kwenye hesabu zangu naweka unyevu wa asilimia 50 kwa Tabora na asilimia 70 kwa majengo ya Kigoma yaliyo karibu na ziwa. Hayo ni maamuzi yangu ya usanifu. Ukipata vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa vya eneo lako, tumia hivyo.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya usanifu wa zege, na sehemu yake ya pili inapendekeza unyevu wa asilimia 45 kwa zege la ndani na 85 kwa zege la nje. Tarakimu hizo ni za Uingereza, na pale zimeandikwa wazi kuwa ni za Uingereza. Mtu akichukua ile 85 akaiweka kwenye balkoni ya Isevya inayopigwa jua na upepo miezi sita mfululizo, amelipatia zege lake unyevu ambao halitauona mpaka masika. Balkoni ya nje hapa kwetu inakauka sawa na slabu ya ndani au kuizidi.

Tarakimu ya pili ni unene wa kukaukia. Chukua eneo la mkato wa zege (uso unaouona ukilikata kwa upana), zidisha kwa 2, gawanya kwa urefu wa mzingo ulio wazi kwa hewa. Slabu iliyo wazi juu na chini, unene huo ni sawa na unene wake wenyewe. Boriti ya milimita 230 kwa 450 iliyo wazi pande zote ina unene wa kukaukia wa milimita 152. Sehemu nyembamba hukauka upesi, ndiyo maana balkoni na vibaraza vyembamba husumbua kuliko misingi.

Kizidishi cha kripu

Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa zege, inakipata kizidishi hiki kwa kuzidisha tarakimu tatu. Nitazifanya kwa slabu ya milimita 175, zege la C20/25, kwa hewa ya Tabora.

Ya kwanza ni ya unyevu. Unyevu wa 50 unabakiza 0.5, gawanya hiyo kwa 0.1 mara kipeuo cha tatu cha unene wa kukaukia (cha 175 ni 5.59), jumlisha 1. Unapata 1.89. Njia hii fupi ni kwa zege ambalo nguvu yake ya wastani haizidi megapaskali 35, na zege letu la kawaida la nyumba liko chini ya hapo. Ya pili ni ya nguvu: 16.8 gawanya kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya wastani, ambayo ni nguvu ya daraja (ile 20 ya C20/25) jumlisha 8, yaani 28. Unapata 3.18. Ya tatu ni ya umri: pandisha umri wa siku kwenye kipeo cha 0.2, jumlisha 0.1, halafu 1 gawanya kwa jibu. Kwa siku 28 unapata 0.49.

Zizidishe zote: 2.9. Maana yake, kwa zege lenyewe, bila nondo, kupinda kutakakoongezeka baadaye ni karibu mara tatu ya kule kwa siku ya kwanza. Slabu hiyohiyo Kigoma, kwa unyevu wa 70, inapata 2.4.

Sasa angalia umri. Mirunda (nguzo za muda zinazoshikilia slabu) ikitolewa siku ya 7, tarakimu ya tatu inapanda hadi 0.63 na kripu ya Tabora inafika 3.8. Na hapo bado hatujauliza saruji gani. Kwa saruji ya 32.5N, inayokomaa polepole, Eurocode 2 inakutaka upunguze umri kabla ya kuutumia: siku 7 zinahesabiwa kama siku 4, na siku 28 kama 24. Kripu ya siku ya 7 kwa saruji hiyo ni 4.2. Mfuko mwingi unaouzwa madukani kwetu ni wa 32.5, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye mfuko. Herufi baada ya namba nayo ina maana, kwa kuwa 32.5R inakomaa upesi zaidi na hesabu yake inawekwa pamoja na 42.5N.

Hapa ndipo mazungumzo na fundi mkuu hayaepukiki. Kuna mzee mmoja ninayemheshimu sana, fundi wa miaka mingi, huniambia, "Injinia, slabu hii imeshakuwa jiwe. Tutoe mirunda, kuna saiti ya pili inaisubiri." Namjibu, "Haitaanguka, mzee wangu. Itaanza kushuka mapema, na ikishashuka hairudi yote." Mirunda ni fedha, naelewa, na mkandarasi mdogo hana seti mbili. Kwa hiyo tunapatana: mbao za pembeni zinatoka, mstari wa mirunda ya katikati ya spani (umbali kati ya kuta zinazoibeba slabu) unabaki bila kuguswa mpaka siku ya 28. Kuitoa na kuirudisha hakufai, maana slabu inakuwa imeshabeba uzito wake ikiwa changa.

Ikiwa mizigo inakuja kwa awamu, na ndivyo inavyokuwa siku zote, usiiweke yote kwenye kripu moja. Uzito wa slabu wenyewe una umri wake wa kuanza, skridi (tabaka la saruji la kusawazisha sakafu) na marumaru vina wao, kuta zina zao. Tafuta moduli (kipimo cha ugumu wa zege) ya kila awamu, kisha gawanya jumla ya mizigo kwa jumla ya kila mzigo uliogawanywa kwa moduli yake.

Kusinyaa kwa tarakimu

Jedwali la Eurocode 2 kwa C20/25 na saruji ya kawaida linatoa kusinyaa kwa kukauka kwa 0.58 kwa elfu unyevu ukiwa 40, 0.49 ukiwa 60, na 0.30 ukiwa 80. Kwa 50 tunachukua katikati, 0.535. Kisha punguza kwa ajili ya unene: kizidishi ni 1.0 kwa milimita 100, 0.85 kwa 200, 0.75 kwa 300, na 0.70 kuanzia 500. Kwa 175 ni 0.89. Ongeza kusinyaa kwa ndani kunakotokana na saruji kunywa maji yake yenyewe, ambako kwa zege hili ni 0.025 tu. Jumla ni 0.5 kwa elfu: nusu milimita kwa kila mita. Kigoma inatoka 0.38.

Muda wake pia unahesabika. Kwa slabu hii nusu ya kusinyaa kwa kukauka inatoka katika siku 93 hivi. Ukimwaga mwishoni mwa Mei, mwanzoni mwa Septemba nusu imeshatoka. Tarakimu hiyo itatufaa tukifika kwenye kuta.

Sasa slabu yenyewe

Spani ya mita 4.2, inayokaa juu ya kuta mbili bila kuendelea upande wowote. Unene 175, kina mpaka katikati ya nondo 145. Uzito wake ni kilonyutoni 4.4 kwa mita mraba, umaliziaji 1.5, watu na samani 2.0, ambapo kwa hesabu ya muda mrefu tunachukua asilimia 30 tu, 0.6. Jumla ya kudumu ni 6.5, na momenti yake ni kilonyutoni-mita 14.3 kwa kila upana wa mita moja. Nondo za milimita 10 kila milimita 150 zinatosha kwa nguvu, tena zinabaki.

Zege hili linapasuka kwa momenti ya 11.2. Kwa hiyo sehemu ya katikati ina nyufa ndogo, na huwezi kuhesabu kana kwamba ni zima. Fanya hesabu mbili za mpindo, moja ya mkato mzima na moja ya mkato uliopasuka, kisha uzichanganye. Sehemu ya iliyopasuka ni 1 toa nusu ya mraba wa uwiano wa momenti ya kupasuka kwa momenti iliyopo. Hapa ni 0.69. Ile nusu ni kwa mizigo ya kudumu. Ukitaka kushuka kwa siku ya kwanza, iondoe.

Moduli ya zege siku ya kwanza ni gigapaskali 30. Ya muda mrefu ni 30 gawanya kwa 1 jumlisha kripu, yaani 30 gawanya kwa 3.9, inayokuwa 7.7. Moduli ya nondo haibadiliki, 200. Kwa hiyo uwiano wa nondo kwa zege unaruka kutoka chini kidogo ya 7 hadi 26, na kina cha zege linalobanwa kwenye mkato uliopasuka kinaongezeka kutoka milimita 28 hadi 51. Rudia hesabu ya mkato kwa tarakimu mpya. Kuchukua jibu la siku ya kwanza na kulizidisha kwa 3.9 ni kosa, kwa sababu nondo hazina kripu.

Majibu yanatoka hivi. Siku ya kwanza slabu inashuka milimita 7. Kripu ikimaliza kazi yake ni milimita 16.6. Halafu kuna mpindo wa kusinyaa ambao wengi huusahau: zege la juu linafupika kwa uhuru, la chini linazuiwa na nondo, slabu inapinda kwenda chini bila mzigo wowote. Mpindo huo ni kusinyaa, mara uwiano wa nondo kwa zege, mara eneo la nondo likizidishwa kwa umbali wake kutoka kitovu cha mkato, gawanya kwa inasha ya mkato (kipimo cha jinsi umbo lake linavyokataa kupinda). Hapa unaongeza milimita 6.5. Jumla ni milimita 23.

Kikomo ni spani gawanya kwa 250: milimita 16.8. Slabu iliyopita mtihani wa nguvu imefeli hapa, na imefeli kwa mbali.

Dawa ninayoipenda kwanza ni unene. Ifanye slabu 200, nondo zilezile. Uzito unaongezeka, lakini ukirudia hesabu yote unapata milimita 11.2 za kripu na 4.5 za kusinyaa, jumla 15.7. Imepita. Kwa slabu ya mita mraba 100 nyongeza hiyo ni zege mita za ujazo 2.5, yaani mifuko 16 hivi ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4. Mwenye nyumba ukimwekea tarakimu hiyo mezani pamoja na ile ya milimita 23, huwa anaelewa.

Dawa nyingine zipo. Kuifanya slabu iendelee juu ya ukuta wa kati kunasaidia sana, ikiwa ramani inaruhusu. Nondo za juu katikati ya spani zinapunguza kripu na kusinyaa kwa pamoja, ila kwa kiasi: kwa hesabu ya BS 8110, nondo za juu za asilimia 0.35 zinakuongezea ruhusa ya asilimia 10 hivi. Kuinua fomu (mbao za kumwagia zege) katikati kidogo, isizidi spani gawanya kwa 250, kunaficha kushuka kwa macho tu. Ukuta uliojengwa juu ya slabu utasikia kushuka kulekule. Kupandisha daraja la zege pekee ndiyo dawa dhaifu kuliko zote kwa nyumba za kawaida.

Uliza pia kokoto. Moduli ya 30 ni ya mawe magumu ya kwatzi, na kokoto ya matale ya huku kwetu naihesabu hivyohivyo. Ukiletewa kokoto ya mawe ya mchanga, Eurocode 2 inataka upunguze moduli kwa asilimia 30. Kokoto ya kugonga kwa mkono ni nzuri ikichekechwa. Vumbi lake likiingia kwenye mchanganyiko linadai maji zaidi, na maji hayo ndiyo kusinyaa kwa kesho.

Mahali ambapo zege limezuiwa

Kusinyaa kwa nusu milimita kwa mita kungekuwa jambo dogo kama zege lingeachwa lifupike. Bweni la mita 36 linataka kufupika milimita 18, na kuta, misingi na nguzo zinakataa. Likizuiwa kabisa, mvuto unaojengeka ndani ni 0.0005 mara moduli ya muda mrefu, karibu megapaskali 3.8, wakati zege hili linavumilia 2.2 tu. Litapasuka. Nondo za mgawanyo, zile zinazokatisha nondo kuu, ndizo zinazoamua kama utapata ufa mmoja mpana au nyufa nyingi nyembamba kama unywele. Usishuke chini ya asilimia 0.13, na pale slabu imebanwa na kuta ndefu pande zote mimi hupanda zaidi, kwa nondo nyembamba zilizokaribiana.

Eurocode 2 inaruhusu jengo la zege la kumwagwa papo hapo kwenda mita 30 bila kiungo cha kutanuka. Kwa Tabora nakata kwenye 25. Njia nyingine ni kuacha mkanda wa mita moja bila zege katikati ya jengo, nondo zikipishana humo, na kuujaza baada ya miezi mitatu. Zile siku 93 ndizo zinazoupa mkanda huo maana.

Matangi ya maji yanataka ukali zaidi: asilimia 0.35 ya nondo kila uso, kama BS 8007, kanuni ya Uingereza ya matangi ya zege, inavyotaka kwa nondo za nguvu ya 460, na upana wa nyufa usizidi milimita 0.2.

Kuta za kugawa vyumba juu ya slabu zina kikomo chao, spani gawanya kwa 500 kwa kushuka kunakotokea baada ya kuta kujengwa. Kwa spani yetu ni milimita 8.4. Slabu ya 175 inavuka kikomo hicho kwa mbali, na hata ile ya 200 huenda ikakivuka usipochelewesha kuta. Zijenge kwa kuchelewa kadiri mradi unavyoruhusu, anzia ghorofa ya juu kushuka chini, na acha nafasi ya milimita 20 kati ya tofali la mwisho na slabu ya juu, ijazwe kitu laini na kufunikwa. Ukuta uliobanwa na plasta ngumu mpaka juu utabeba slabu ambayo haukujengwa kuibeba.

Yanayofanyika siku ya kumwaga

Hesabu zote hizi zinadhani zege limepewa maji yake na limemwagiliwa. Kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.55, mfuko mmoja wa kilo 50 unataka lita 27.5, yaani ndoo moja ya lita 20 na lita saba na nusu, ukitoa unyevu ulio kwenye mchanga. Ndoo ya pili iliyojaa ikiingia kwa sababu zege linasukumika vizuri, tarakimu za jedwali hazikuhusu tena. Septemba mwaga alfajiri au jioni, funika kwa nailoni mara tu uso unapopoteza mng'ao wa maji, kwa kuwa nyufa za saa za kwanza zinatokea kabla nondo hazijaweza kufanya lolote. Kisha mchanga uliolowa au magunia yaliyolowa, siku 7 kwa uchache, kwa 32.5N mimi huandika 14.

Na yote yaandike kwenye mchoro wenyewe, kwenye kona ya maelezo anayosoma fundi: daraja la zege na aina ya saruji uliyohesabu nayo, lita za maji kwa mfuko, siku za kumwagilia, mirunda ipi inabaki na mpaka tarehe gani, kimo cha kuinua fomu kama kipo, mwezi wa kujaza mkanda, na nafasi ya juu ya kuta. Kwenye karatasi ya hesabu andika unyevu uliotumia na umri wa kubebeshwa mzigo, ili atakayekagua aweze kukuuliza.